Jinsi Taifa Tukufu Lilivyopigania Kuingia Kwenye Mchezo

Nchi ninayotaka kuisimulia haipo, kwa hiyo msisumbuke kuitafuta. Mkiona inafanana na nchi mnayoifahamu, hasa ile mnayoilipia kodi, kosa ni la macho yenu na mimi sihusiki. Raia wake waliiita Taifa Tukufu, na aliyesahau neno la pili alikumbushwa kituoni.

Rais wake alikuwa Mtukufu Mathayo Ndelwa, mtu mwenye afya njema na picha nyingi. Picha yake ilitundikwa katika kila ofisi, kila duka na kila wodi, ili mgonjwa akizinduka ajue kwamba bado yuko nchini. Kwa miaka kumi na tisa Mtukufu aliamka na furaha kila siku, mpaka asubuhi moja ya Jumanne aliposoma gazeti.

Ukurasa wa burudani ulisema kwamba mchezo wa kompyuta uitwao Himaya za Kesho unakaribia kutoa toleo la sita. Ni mchezo ambao mtu anapewa nchi changa, anajenga miji, anatunza majeshi, na akiwa na akili anaitawala dunia kabla ya chakula cha jioni. Toleo jipya lilikuwa na mambo mapya. Mvua itaweza kunyesha au kukataa. Mawaziri wataweza kukudanganya. Wananchi wasioridhika hawatanung'unika tu kama zamani, watafunga mizigo na kuhamia kwa jirani. Viongozi watakuwa na sura zao, na watasema. Tena zimeongezwa nchi mpya kumi na mbili, ya kwanza ikiwa nchi ya ng'ambo ya mto, chini ya Rais Stambuli Chambi.

Mtukufu aliisoma orodha mara tatu, mara ya tatu akianzia chini. Taifa Tukufu halikuwemo. Akaitazama ramani. Upande wa kushoto wa mto, nchi ya Stambuli ilipakwa rangi ya chungwa na kuchorwa gunzi la mahindi. Upande wa kulia, pale tulipo sisi, samahani, pale walipo wao, palikuwa kijivu. Palichorwa kobe. Chini yake paliandikwa: "Nyika. Haina watu. Kuivuka ni zamu mbili."

Ili mjue uzito wa kobe yule, lazima kwanza mjue habari za kijiko.

Miaka arobaini kabla ya hapo, Ndelwa na Stambuli walisoma shule moja ya bweni, yenye wanafunzi mia sita na ndoo thelathini. Walilala kitanda kimoja cha ghorofa, Ndelwa chini, Stambuli juu. Stambuli alikuwa na sanduku la bati lenye kufuli mbili, na ndani ya sanduku mlikuwa na sukari. Kila asubuhi shule nzima ilikunywa uji mweupe usio na habari yoyote, naye Stambuli akikoroga wa kwake taratibu, kijiko kikigonga kikombe: ting, ting, ting. Hakumnyima mtu, maana hakuna aliyethubutu kuomba. Alikoroga tu. Mwaka uliofuata Stambuli alichaguliwa kuwa kiranja mkuu, na Ndelwa akachaguliwa kupiga kengele. Wote wawili walikuja kuwa marais, lakini mtu aliyekunywa uji mkavu karibu na kijiko cha mwenzake hawezi kupona kwa kupewa nchi tu.

Mtukufu akamwita Waziri wa Maji na Takwimu za Kujivunia, Mheshimiwa Ombeni Lukonge, na kumwekea gazeti mbele.

"Lukonge, mimi ni kobe?"

"Hapana, Mtukufu."

"Sasa huyu ni nani?"

Waziri aliinama juu ya ramani kama mtu anayemtambua maiti. "Kobe huishi miaka mingi, Mtukufu. Huenda walikusudia kukuombea heri."

"Na Stambuli wakampa mahindi."

"Mahindi huliwa. Kobe haliwi ovyo."

"Lukonge."

"Ndiyo, Mtukufu."

"Nataka kuwemo. Na nataka kumzidi."

*

Barua iliandikwa kwa watengenezaji wa mchezo, ambao wako nchi za baridi. Ilikuwa na kurasa tisa, saba kati yake zikiwa vyeo vya Mtukufu. Jibu lilikuwa fupi na la adabu. Nchi yoyote inakaribishwa, walisema, ila toleo hili halipokei takwimu za maandishi, kwa sababu walijifunza jambo katika toleo la tano. "Tumeni picha za miradi yenu. Mashine yetu itazitazama, itahesabu vilivyomo, na kuipa nchi yenu nguvu inayostahili."

Waziri Lukonge alifurahi mpaka akalegeza tai. Kama kulikuwa na kitu ambacho Taifa Tukufu lilikuwa nacho kwa wingi, ni picha za miradi.

Hapa inabidi nieleze namna walivyojenga. Mataifa mengine huchimba kisima, yakipata maji ndipo huita watu. Utaratibu huo una kasoro kubwa: maji yanaweza kukosekana wakati mgeni rasmi ameshafika. Taifa Tukufu lilianza na mgeni rasmi. Wizara ilikuwa na pampu moja ya mkono, ya bluu, iliyopinda kidogo kishikio. Ilipakiwa kwenye lori pamoja na tangi la maji, utepe, mkasi juu ya kimto cha mahameli, na ng'ombe mmoja mnene wa Idara ya Mifugo ambaye ndiye aliyekipinda kishikio kwa kukilalia. Kijijini, vijana wa Wizara waliisimika pampu, wakalificha tangi nyuma ya migomba na kuunganisha mpira chini ya majani. Pasipokuwa na migomba, migomba nayo ililetwa. Mtukufu alifika, akakata utepe, akapampu mara tatu, maji yakatoka, vigelegele vikapigwa, picha ikapigwa. Hotuba ilipokwisha, tangi nalo lilikuwa limekwisha, maana Waziri alipima vyote viwili kwa saa moja. Kisha pampu ilipakiwa na kuwahi kijiji cha pili.

Je, Mtukufu alijua kwamba ni pampu ile ile? Alijua jinsi mwanafunzi anavyojua kwamba nyama ya Jumamosi ni nyama. Hakuuliza.

Kufikia mwaka ule pampu ilikuwa imezinduliwa katika vijiji mia nne na kumi na viwili. Picha zote zikafungwa kwenye maboksi zikatumwa. Zilipoondoka, Waziri akaanza kuandaa sherehe ya Taifa kuingia kwenye mchezo, itakayofanyika uwanjani siku ya Ijumaa, Mtukufu akizindua kisima cha mia nne na kumi na tatu mbele ya mabalozi. Akaulizia pampu. Akaambiwa iko Kisimagumu, na haitoki.

*

Kisimagumu kilikuwa kijiji cha mia nne na kumi na mbili. Mara tu baada ya uzinduzi, lori lilikatika ekseli palepale, na ekseli nyingine ilisubiri saini kwa miezi mitatu. Mwenyekiti wa kamati ya maji ya kijiji alikuwa Bi Nyamizi Kalunde, mama mfupi mwenye sauti ya mtu aliyezoea kuita ng'ambo ya bonde. Kamati yake ilikuwa imekutana kila mwezi kwa miaka kumi na minne bila kuwa na maji yoyote ya kujadili. Aliitazama pampu siku mbili tatu, na wazo ambalo halikuwahi kuingia katika kichwa cha ofisa yeyote likamwingia. Aliagiza wachimbe chini yake.

Walichimba siku ishirini na sita. Fundi wa baiskeli aliunganisha mabomba. Maji yalitoka, tena yalitoka bila mgeni rasmi, bila utepe, siku ya Jumatano ya kawaida. Kisheria sijui maji ya namna hiyo yanaitwaje.

Jumatatu ya wiki ile ya sherehe, dereva wa lori, Bwana Ngwale, alifika na ekseli mpya pamoja na amri ya kuirudisha pampu. Aliwakuta akina mama wamepanga ndoo kwa foleni iliyonyooka kuliko gwaride. Bi Nyamizi alisoma amri, akaikunja, akamrudishia.

"Hujaniamkia, dereva. Haya, kunywa maji kwanza."

"Shikamoo, mama. Asante. Ila mimi nimetumwa."

"Najua umetumwa. Kuna mtu alikuja huku bila kutumwa? Ingoe, hatukuzuii. Utasaini tu hapa."

"Nasaini nini?"

"Kwamba wewe, Ngwale, umechukua maji ya watu mia tisa. Majina yao yote yapo. Utasaini mbele ya kila jina."

Bwana Ngwale alikuwa mtumishi wa serikali wa miaka ishirini na mbili. Alikwisha pita milimani bila breki, alikwisha safiri na ng'ombe yule kwenye kiti cha mbele, lakini kusaini hakuwahi. Alikaa chini.

"Mama, mimi nina watoto."

"Na hawa wa kwangu wanaitwa nini, mbuzi?"

"Nitasubiri amri nyingine," alisema dereva. "Nikiipata, mama, hapo tusilaumiane. Alhamisi jioni lazima niwe njiani."

"Subiri. Na kama unasubiri, shika kishikio upampu. Hapa hakuna mgeni."

*

Siku hiyohiyo mchezo ulifika Ikulu kwa ajili ya kukaguliwa. Aliyeuwasha ni Bi Tusekile, Mtaalamu wa Kompyuta wa Ikulu, ambaye kwa miaka minane kazi yake ilikuwa kubadilisha wino wa mashine ya kuchapia hotuba. Mtukufu alikaa kwenye kiti cha enzi kilichosogezwa karibu na kioo cha kompyuta. Waziri alisimama nyuma, mikono ikiwa imefumbatana kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani aliouibia.

Kobe alikuwa ameondoka. Taifa Tukufu lilipakwa rangi ya zambarau. Mtukufu alitabasamu. Kisha orodha ya mali za taifa ikatokea, kama mashine ilivyohesabu kwenye zile picha:

"Pampu: 1. Ng'ombe: 1. Migomba: 6. Tepe: 412. Mgeni rasmi: 1."

"Lukonge," alisema Mtukufu, "hii mashine inajua kuhesabu?"

"Ni mashine ya kigeni, Mtukufu. Haijazoea wingi wetu."

"Inasema imetambua kishikio," alisema Bi Tusekile. "Na ng'ombe imemtambua kwa baka la shingoni."

Lakini mambo hayakuwa mabaya kabisa. Katika toleo hili kila nchi ilipewa kipaji chake pekee. Nchi ya Stambuli ilipewa Mavuno: mashamba yake huzaa mara mbili. Watengenezaji walikuwa wamezitazama picha za Taifa Tukufu kwa mshangao mkubwa, wakatunga kipaji ambacho hakikuwahi kuwepo katika mchezo wowote duniani. Kiliitwa Uzinduzi. Nchi yenye kipaji hiki inaweza kufungua jengo lile lile katika miji yote bila kulijenga.

"Stambuli anacho hiki?" aliuliza Mtukufu.

"Hana, Mtukufu. Hakuna mwingine mwenye nacho."

"Basi anza."

Mtukufu alizindua. Alizindua pampu katika miji yote, na juu ya kila mji uso mdogo wa manjano ukacheka. Zamu iliyofuata nyuso zikanuna. Akazindua tena, zikacheka kidogo. Akazindua hospitali ambayo ilikuwa pampu iliyofunikwa shuka. Zamu ya tano nyuso hazikucheka tena, na watu wadogowadogo wakaanza kutoka mijini na mizigo kichwani, wakielekea mtoni. Mtukufu akaweka askari kwenye daraja. Zamu iliyofuata askari nao wakavuka.

Ndipo sura ya Stambuli ilipojitokeza kwenye kioo. Mchoraji alikuwa amefanya kazi nzuri kupita kiasi. Stambuli alikuwa mezani, mbele yake kikombe, mkononi kijiko.

"Ndugu jirani," alisema huku akikoroga, ting, ting, ting, "wageni wako wamefika salama. Kama una wengine, walete."

Watu walioshuhudia wanasema Mtukufu alipauka kwa namna ambayo picha zake zote nchini zilionekana za uongo. Baada ya zamu tisa zambarau yote ilikuwa imefifia, isipokuwa nukta moja upande wa mashariki. Juu ya nukta ile palikuwa na uso wa manjano, nao ulikuwa unacheka.

"Hawa ni akina nani?"

"Kisimagumu," alisoma Bi Tusekile. "Picha ya mwisho ya pampu ni ya huko."

"Kwa nini hawahami?"

Waziri alitazama dari, akatazama zulia, kisha kwa mara ya kwanza katika utumishi wake akakosa pa kutazama. "Pampu iko kwao, Mtukufu. Lori liliharibika. Wakachimba."

"Wakachimba nini?"

"Chini ya pampu."

Mtukufu alifikiri sana. "Inaruhusiwa?"

*

Mtu mwingine angekasirika. Mtukufu aliinama akamnong'oneza Bi Tusekile: "Hivi hakuna kitufe cha kuwa upande mwingine?"

"Kipo, Mtukufu. Unachagua nchi tu."

"Yoyote?"

"Yoyote. Hata ya ng'ambo."

"Lukonge, funga mlango."

Kwa siku tatu Baraza la Mawaziri liliahirishwa kwa sababu za kiusalama. Sababu zenyewe ni kwamba Mtukufu alikuwa ng'ambo ya mto, akiitwa Stambuli, na alikuwa anatawala vizuri ajabu. Alichimba kabla ya kuzindua. Mwanakijiji wa kwenye kioo aliponung'unika, Mtukufu alisogeza kiti akamsikiliza mpaka mwisho, na mara moja alisikika akisema, "Pole, baba." Alimfukuza waziri mdanganyifu ndani ya zamu moja, huku Lukonge akiangalia. Alikula mkate mkavu ili asiache kazi. Bi Tusekile anasema hakuwahi kuona rais mwenye bidii kiasi kile, wa kweli au wa kuchorwa.

Mchana wa Alhamisi ilikuwa imebaki ile nukta moja ya zambarau. Alituma jeshi, wana Kisimagumu wakalinywesha maji, jeshi likarudi likiwasifu. Akamuuliza mshauri wa mchezo, kizee kidogo kinachokaa pembeni mwa kioo. Kizee kikaandika: "Mji huu hauchukuliwi kwa nguvu. Wape pampu ya pili."

Mtukufu, akiwa Stambuli, akawapa. Uso wa manjano ukatanua kinywa, nukta ikageuka rangi ya chungwa, tarumbeta zikalia. Dunia yote ya kioo ilikuwa yake. Akarusha mikono juu, na hapohapo sura ya kiongozi aliyeshindwa ikajitokeza, kama kanuni mpya zinavyotaka.

Ilikuwa sura yake mwenyewe. Imevaa joho, mkasi mkononi.

"Umenishinda," ilisema. "Naomba kitu kimoja tu. Hiyo pampu ya pili, niruhusu niizindue."

Mikono ya Mtukufu ilishuka polepole. Bi Tusekile akapunguza sauti ya tarumbeta.

"Stambuli amewapa watu wangu pampu," alisema Mtukufu.

"Ni wewe uliyetoa, Mtukufu," alisema Waziri.

"Nilitoa nikiwa Stambuli. Sifa zinakwenda kwake." Akasimama. "Mwaka wa pili shuleni, Lukonge, nilipougua malaria, aliniletea kikombe cha uji kitandani. Ulikuwa na sukari. Unajua ni kitu gani kulala pale na kuunywa? Sitakubali tena. Ile pampu isiguswe. Na ya pili ifike Kisimagumu kabla hajaipeleka yeye."

"Mtukufu, hiyo ya pili hatuna."

"Kanunue."

"Wanaotengeneza pampu ni," Waziri aliangalia mlango, "ng'ambo ya mto."

"Basi babua nembo."

*

Jioni ile dereva Ngwale alipata amri yake. Akina mama wa Kisimagumu walikuwa wamekaa chini kuizunguka pampu, migongo ikiegemeana, na Bi Nyamizi alikuwa na daftari la majina magotini. Dereva alisoma karatasi mara mbili.

"Wanasema ibaki, mama. Na ya pili inakuja."

Hakuna aliyepiga kigelegele. Bi Nyamizi akafunga daftari. "Ya pili inakuja kuichukua ya kwanza ziende wapi?"

"Inakuja kukaa."

"Na nani kasema?"

"Mtukufu."

"Basi tutaendelea kukaa na sisi," alisema, na hawakuondoka pale mpaka pampu ya pili iliposhushwa, shimo la pili likachimbwa, na maji yakajaribiwa na mbuzi.

Sherehe ilihamishiwa Kisimagumu, wiki moja baadaye. Vijana wa Wizara walifika na tangi lao kwa mazoea. Bi Nyamizi akawaonyesha mahali pa kuliweka, na sasa linafugiwa bata. Mtukufu alikata utepe, akapampu mara tatu, akatoa hotuba ya saa moja kamili, akakaa. Nyuma yake mtoto wa mtu alikuwa amepokea kishikio, na maji yaliendelea kutoka. Mtukufu aligeuka.

"Lukonge, mbona haikomi? Huwa inakoma nikikaa."

"Ni ya namna nyingine, Mtukufu."

Picha zilitumwa, na baada ya siku chache Bi Tusekile aliwasha kioo. Kila mtu alisogea. "Pampu: 2," ilisema orodha, na Mtukufu alikaa akiitazama ile mbili karibu asubuhi nzima, kama mzazi anavyotazama jina la mwanawe kwenye orodha ya waliofaulu. Chai ililetwa. Waziri akatia sukari, akaanza kukoroga.

"Stambuli anazo ngapi?"

Ting, ting. Kijiko kikasimama. Waziri Lukonge akatoa takwimu ya kwanza ya kweli iliyowahi kusemwa ndani ya chumba kile, na dari halikuanguka.

"Elfu sita mia moja na nne, Mtukufu."

Mtukufu alinyoosha mkono, akachukua kile kijiko kutoka kwenye kikombe cha Waziri, akakitia mfukoni.

"Mwite Ngwale," alisema. "Awashe lori, avuke mto akanunue nyingine."